Maumivu, Jeraha na Maneno Mengine ya Kando ya Uwanja

Keki mliyoninunulia siku ya kuniaga ilikuwa tamu, nami nilikula vipande ambavyo daktari wangu hapaswi kuvisikia. Lakini mpira uliochorwa juu yake ulikuwa ule wenye umbo la yai, wa wale vijana wanaovaa kofia ngumu na kugongana kama kondoo dume. Mimi miaka yote nimefanya kazi kwenye mpira wa duara. Aliyeagiza keki alisema "football", mwokaji wa Texas akaoka alichoelewa, na hakuna aliyekosea. Nilicheka njia nzima kutoka ofisini hadi kwangu Alief. Nikajiambia, kama sina kingine cha kuwaachia wakalimani hawa vijana, hiki ninacho: habari za maneno yanayofanana sura na kutofautiana tabia, na namna ya kuchagua moja wakati kocha anakutazama, mzazi anakutazama, na mtoto amelala kwenye nyasi ameshika goti.

Habari za vyeo na mshahara hamtazisikia hapa. Vyeo sikupata vingi, na mshahara mnaujua, ni huo huo wenu.

Mimi ni mtu wa Voi, na nyumbani nilikuwa mwalimu wa netiboli. Nilipomfuata mume wangu Texas tulikaa kwanza Fort Worth. Wakati huo familia nyingi kutoka Kongo ya mashariki zilikuwa zimehamia huko, wazazi wakifanya kazi maghalani na viwandani, watoto wakiujaza uwanja wa mpira wa kila shule. Makocha walikuwa na wachezaji wazuri na hawakuwa na lugha ya kuzungumza na waliowazaa. Ofisi ya shule ikatangaza kazi ya mkalimani wa Kiswahili upande wa michezo. Kwenye usaili wakaniuliza kama ninaifahamu michezo. Nikawaambia nimeifundisha miaka mingi. Hawakuuliza mchezo gani, nami sikuona sababu ya kuwachosha.

Juma langu la kwanza kocha aliwakusanya wazazi, akasema Jumamosi vijana watacheza na shule jirani, ila mchezo huo hautahesabiwa, ni wa kupimana nguvu tu. Nikatafsiri: mechi ya kirafiki. Kwa kamusi yoyote nilikuwa sawa. Kumbe kwa watu wa Uvira na Bukavu mechi ya kirafiki ndiyo mechi yenyewe. Ligi ni ya alama, lakini kirafiki ni ya heshima, mgeni kaja kwako, utamwonyesha nini? Jumamosi ilipofika, ikaja kwaya nzima ya kanisa katika vitenge vya sare moja. Ikaja ngoma. Yakaja masanduku ya barafu yaliyojaa wali na maharage badala ya barafu, na mchungaji akaenda katikati ya uwanja kufungua kwa sala. Kocha wa wageni alinijia taratibu akaniuliza kama amekosea tarehe ya fainali.

Mchezo wenyewe haukuwa na refa. Kocha alipuliza kipenga mwenyewe, na kila mara alisimamisha kila kitu ili kuwasogeza vijana huku na huku kama mtu anayepanga viti. Mwisho wake mama mmoja akaniuliza, "Sasa nani ameshinda?" Nikamuuliza kocha. Kocha akasema hakuna aliyehesabu mabao. Mama akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeajiriwa na wendawazimu. Kisha kwaya ikaimba, maana walikuwa wamekwisha kuvaa, na vijana wa timu zote mbili wakala hadi wakashindwa kutembea. Tangu siku hiyo mchezo wa namna ile nikawa nauita mazoezi ya kuchezeshana. Ngoma walipunguza. Chakula hawakupunguza.

Aliyenifundisha kazi hii ni Mzee Bahati. Alikuwa mtu wa Bukavu, mkalimani wa zahanati kwa muda mrefu kabla hajahamishiwa shuleni, na kila siku alikuja kazini amefunga tai na kuvaa raba za kukimbilia. Alisema tai ni ya wazazi na raba ni za watoto. Mfukoni alikuwa na mfuko wa karanga na mfuko wa vizibo vya soda, na siku za haraka aliwahi kuchanganya mifuko hiyo akauma kizibo. Vizibo ndivyo vilivyokuwa chombo chake cha kazi. Kila neno la mchezo lililokuwa na mwenzake wa kufanana, alilipanga mezani. Mzazi akisikia mwanawe "ametolewa", Mzee Bahati hakumwachia lile neno peke yake. Alitoa kizibo kimoja uwanjani, akakiweka benchi, kingine kikaingia: huyu amebadilishwa, kidogo atarudi, maana mechi za shule huku zinaruhusu. Kisha akatoa kizibo, akakitupa sakafuni chini ya meza: huyu ndiye aliyefukuzwa kwa kadi nyekundu. Wazazi walicheka na kuelewa kwa pamoja.

"Mama Mwalimu," aliniambia, "neno ya mchezo hautafsiri ukiwa umeikala. Simama, ucheze."

Nilisimama nikacheza. Nimeshawahi kuotea katikati ya ofisi ya mwalimu mkuu nikiwa nimevaa sketi ya Jumapili. Ninyi mnaotumia simu kuwaonyesha wazazi video, sawa, zina rangi nzuri. Lakini kizibo hakiishiwi chaji.

Somo lake la pili ndilo kubwa, na alinipa siku aliponiona nikimuuliza mtoto mmoja habari ya kifundo cha mguu. Mtoto akajibu nzuri, nikamgeukia kocha nikasema nzuri, kocha akaondoka. Mzee Bahati akanivuta kando.

"Umekimbia mbio sana," akasema. "Sisi watu ya kwetu, jibu ya kwanza ni ya heshima. Ya pili njo ya mwili. Unangoja 'ila'."

Nanyi mnajua ni kweli, maana wote tumelelewa hivyo. Mtu akikuuliza habari, hata kama nyumba inaungua, unasema nzuri kwanza. Hujambo, sijambo. Habari za huko, njema tu. Halafu ndipo unasema: ila mama hajaamka tangu juzi. Mzee Bahati alinisimulia bibi mmoja wa zahanati aliyeulizwa na daktari anaendeleaje, akajibu vizuri sana, na daktari akawa ameshashika kitasa cha mlango bibi aliposema, "Ila jicho moja halioni." Mmarekani akisikia nzuri anafunga mkoba. Hana kosa, kwao swali limejibiwa. Kazi yetu ni kumfanya angoje kidogo, bila kuongeza neno letu na bila kupunguza la mwenyewe.

Si kila maneno pacha yana uzito sawa. Kuna mengine ni ya kufurahishia tu. Nakumbuka Carrollton, kwenye mashindano ya Waafrika Mashariki, niliazimwa kushika kipaza sauti. Mechi ikaisha bila bao hata moja. Nikatangaza sare. Mtanzania mmoja akaja mbio kana kwamba nimetangaza msiba wa uongo.

"Dada, hiyo suluhu hiyo! Sare ni mkifungana, moja moja, mbili mbili. Hapa hakuna aliyemfunga mwenzake."

Nesi mmoja Mkenya, bado yuko na nguo za kazini, akadakia, "Aki si draw ni draw? Sema tu sare tasa tu-go home, mimi niko na shift."

"Match nul," akasema Mkongomani mmoja kwa upole, kama hakimu anayefunga kesi.

Nikarudi kwenye kipaza sauti nikatangaza yote matatu, na kila upande ukapiga makofi neno lake lilipofika. Hapo ningesema lolote, hakuna ambaye angepoteza kitu. Nilijifunza kutofautisha: kuna maneno ya kubishania na kuna maneno ya kutendea. Haya ya pili ndiyo ya kuyachagua bila haraka.

Kwa mfano radi. Mmeziona wenyewe mvua za huku, mbingu nyeupe, mara nyeusi. Tulikuwa Plano siku hiyo, radi ikapiga, refa akapuliza kipenga, watu wote wakaambiwa waingie magarini. Utaratibu mnaujua: mnakaa mpaka ngurumo zinyamaze muda wa kutosha, kisha mchezo unaendelea palepale ulipokatizwa. Lakini mama mmoja akawapigia wenzake simu akasema game imekuwa postponed, na magari yakaanza kuwashwa. Mimi nikatoka na koti la mvua, nikipita dirisha kwa dirisha katikati ya ngurumo mbili, nikigonga vioo. "Imesimamishwa! Haijaahirishwa! Ikisimamishwa tunangoja, ikiahirishwa nendeni mkapike!" Baba mmoja alikuwa ameshafika kwenye taa za barabara kuu, akageuza. Mwanawe ndiye aliyefunga bao la ushindi jua liliporudi, na yule baba hadi leo akiniona dukani ananinunulia soda. Mume wangu alisema nitapigwa na radi nikifundisha msamiati. Si maneno mabaya kuandikwa kaburini.

Kisha kazi ya mume ikatuhamisha Houston, nami nikapata kazi ya namna ileile huku Alief. Mzee Bahati alinikabidhi mfuko wa vizibo wakati wa kuagana. Karanga alibaki nazo.

Sasa niwasimulie habari ya Mapendo, maana mmekuwa mkiisikia vipande vipande jikoni pale ofisini na kila mtu ana toleo lake.

Mapendo alikuwa golikipa wa timu ya wasichana. Alikuja huku mdogo, na kama watoto wengi alikuwa akisemeshwa Kiswahili anajibu Kiingereza. Mikono mirefu, maneno machache. Golini alikuwa mtu mwingine kabisa, anawapigia kelele mabeki wakubwa kumzidi kama mama mwenye nyumba. Nawaambia bila aibu, nilimpenda kuliko wachezaji wote, na mkalimani hatakiwi kupenda mtu.

Kabla ya msimu tulikutana na wazazi wake: mama yake, mcheshi anayefanya kazi ya kutunza wazee, na baba yake, mtu mzito wa maneno, mfanyakazi wa ghala, ambaye alikaa kikao kizima mikono mfukoni. Kocha alimsifu binti wee, nikatafsiri zote. Baba akasikiliza, kisha akasema:

"Mimi nakubali acheze. Lakini siku moja tu akiumia, ni mwisho. Mwambie kocha vile, mama. Akiumia, anaacha."

Nikalifikisha. Kocha akatabasamu akasema kila mchezaji huumia. Huku Texas, akasema, mchezaji akianguka tunamuuliza swali moja: una maumivu, au una jeraha? Maumivu unakunywa maji unarudi. Jeraha unakaa nje mpaka upone. Hapo nikaona nimefika kwenye maneno yenyewe. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku yote mawili ni kuumia tu, basi. Nikatoa vizibo. Nikagonganisha viwili, kimoja nikakipuliza nikakirudisha uwanjani: maumivu. Kingine nikakipinda kwa kidole, nikakiweka benchi: jeraha. Nikamweleza polepole.

Baba Mapendo akakitazama kile kilichopinda. "Kwangu ni kitu kimoja," akasema.

Binti alikuwa amekaa pale, anasikia. Tangu siku ile hakuumia tena. Akipigwa mpira wa uso, I'm good. Akigonga mwamba wa goli, I'm good. Miss Dana, mwanamke mchangamfu aliyehudumia majeraha ya timu, aliniambia hajawahi kuona mtoto mwenye mwili wa chuma namna hii. Nikamwambia na mimi sijawahi, na tukatazamana.

Ikafika mechi ya kuingia hatua ya mtoano, Jumamosi adhuhuri, jua la Houston likitupika kama maandazi. Baba na mama Mapendo walikuwa jukwaani, safu ya juu kabisa. Kipindi cha pili ikapigwa krosi, Mapendo akatoka kuifuata, na mshambuliaji wao akaja kwa kasi. Wakagongana. Mpira akaushika. Akaanguka nao, mguu mmoja ukabaki chini yake.

Miss Dana akakimbia na mkoba wake, mimi nyuma yake. Alikuwa amekaa, mpira bado kifuani, meno yameumana. Miss Dana akauliza goti linaendeleaje. Kiingereza alikisikia, lakini nami nikauliza kwa lugha ya nyumbani, "Mapendo, habari ya goti?"

Akatazama jukwaani, juu kabisa. "Nzuri, Mwalimu. Good. I'm good."

Hapo hapakuwa na la kutafsiri. Miss Dana akafunga mkoba. Refa akatazama saa. Kocha akapaza sauti kutoka benchi, vipi, anaendelea? Nikamshika Miss Dana mkono wa shati, nikamwambia jambo moja tu: "Hajamaliza kujibu."

Akanitazama. Akamtazama mtoto. Kisha, Mungu ambariki, akakaa chini kwenye nyasi kama mtu mwenye siku nzima. Nami nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii, na hakuna anayekuandikia kwenye barua ya ajira. Kocha akapiga kelele tena. Refa akatusogelea. Mapendo akauma mdomo, machozi yakaanza kumlengalenga.

"Nzuri," akasema polepole, safari hii kwa Kiswahili kitupu cha kwao. "Ila nikikanyaga, inaenda pembeni."

Nikatafsiri lile ila kama lilivyotoka. Miss Dana akafungua mkoba, akalishika goti, akalipima huku na huku kwa mikono yake mizuri. Hakuchukua muda. Akamwinulia kocha mkono kuonyesha kwamba mchezaji anatoka. Mapendo akanidaka vidole.

"Mwalimu, please. Mwambie papa ni ile ya kwanza. Maumivu. Usiseme ile ingine. Nitakufa."

Nimeulizwa na wengi mkalimani anajisikiaje. Siku hiyo nilijisikia vibaya sana. Neno moja lingempa mtoto mpira wake, na mwenzake, linalofanana nalo, lingemnyang'anya, na yote mawili yalikuwa mdomoni mwangu, na baba alikuwa ameshaanza kushuka ngazi na buti zake za kazini, mama nyuma yake akikimbia na mkoba. Nikamwambia, "Mwanangu, nitasema atakachosema Miss Dana. Sina lingine." Akaniachia mkono. Huo mkono bado nauhisi.

Tulimkalisha kando ya mstari, barafu gotini. Baba akafika. Hakuniamkia, na huyu ni mtu anayemwamkia hata mlinzi wa geti.

"Ni nini?"

Miss Dana akaeleza, nami nikafikisha neno kwa neno. "Ni jeraha," nikasema. Mapendo akafunika uso. Nikaendelea, maana Miss Dana naye aliendelea: kano ya ndani ya goti imevutika, daktari atahakikisha, inaonekana itapona bila kupasuliwa. Ametolewa kwenye mechi hii na atapumzishwa majuma kadhaa. Hajatolewa kwenye timu.

Baba akainama kulitazama goti. Nyuma yetu mchezo ulikuwa umeendelea, golikipa wa akiba anapiga kelele kwa sauti nyembamba.

"Alijuaje?" akauliza. "Huyu Miss. Goti haijavimba. Aliona na macho?"

Miss Dana akatikisa kichwa. Hapana, akasema, kwa nje halikuonyesha kitu. Alikuwa tayari kumrudisha golini. Mtoto ndiye aliyesema mwenyewe.

"Alisema mwenyewe?"

"Mwenyewe," nikatafsiri. Mama yake akasema, "Haleluya," kwa sauti ya chini, kama anayejaribu kama neno hilo linafaa pale.

Ndipo yule baba akachuchumaa mbele ya binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikaiona mikono yake. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda, kimeangalia upande kama kibanio kilichokanyagwa. Akakiweka mbele ya macho ya mtoto.

"Unaona hii? Nilikuwa golikipa, Uvira. Haujui. Ilivunjika mechi ya kwanza ya mashindano. Kocha akauliza, habari? Nikasema niko muzima. Mechi ya pili, niko muzima. Ya tatu, niko muzima. Mpaka mukono yote ikakataa kushika mpira, na njo ikawa mwisho yangu." Akapumua. "Mimi siogope jeraha, Mapendo. Naogopa 'niko muzima'. Nilijua utakuwa kama mimi."

Mapendo akaondoa mikono usoni. "So... naacha?" akauliza.

"Nani amesema unaacha?" Akasimama, akapangusa magoti ya suruali, akanigeukia. "Mama, mwambie kocha. Mutoto mwenye anasema, huyo anaeza kucheza. Mwenye anaficha njo ningekataza."

Nilitafsiri hiyo kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi barabarani. Kocha akamkumbatia baba, baba akasimama wima kama mlingoti, maana hakuzoea. Mama Mapendo akalia na kucheka pamoja, akamwambia mumewe kwamba amelala na kidole hicho miaka yote hiyo na kila akiuliza anaambiwa kilibanwa na mlango. Mimi nilikwenda nyuma ya choo cha uwanja nikalia kidogo, kisha nikanawa uso nikarudi kazini. Mechi ile tulifungwa. Mtu pekee aliyehuzunika ni kocha, na hata yeye hakudumu nayo.

Daktari alithibitisha alichosema Miss Dana. Mapendo akapumzika, akafanya mazoezi ya kunyoosha na kukaza goti, akachukia kila siku ya mazoezi hayo. Miss Dana naye alipata desturi mpya. Akimwuliza mtoto wetu yeyote habari na akajibiwa nzuri, anakaa chini kwenye nyasi na kungoja, na watoto wanamcheka, lakini wanasema. Mzee Bahati nilipompigia simu kumweleza alicheka mpaka akapaliwa na karanga.

Msimu uliofuata Mapendo alirudi golini. Nilikwenda na beji yangu kama kawaida, nikajiweka karibu na wazazi ili baba akihitaji kitu nimsaidie. Hakuhitaji kitu. Safari hii alikaa safu ya chini kabisa, mikono nje ya mifuko, na kabla mpira haujagusa nyasi alikuwa ameshasimama.

"Toka! Toka golini, usingoje! Angalia yule wa kushoto!"

Watu waligeuka kumtazama. Mimi nilimtazama binti. Mtoto huyu aliyekuwa akisemeshwa Kiswahili nyumbani na kurudisha Kiingereza, alinyoosha mkono akiwa hata hajageuka, akaita kwa sauti yake ya mama mwenye nyumba:

"Nimemuona, papa! Nyamaza, nacheza!"

"Unasikia anavyonijibu?" baba akaniambia, uso mzima unang'aa, yale meno nilikuwa sijawahi kuyaona yote. "Unasikia?"

Krosi ikaja. Mapendo akatoka, akaruka juu ya kila mtu, akaudaka mpira, akatua kwa miguu miwili. Baba akapiga ukelele nisioweza kuutafsiri kwa lugha yoyote. Nikakohoa, nikamwambia Miss Dana aliyekuwa karibu yetu kwamba baba amefurahi, naye akanijibu kwamba hilo ameliona.

Mama Mapendo akanisukumia bakuli la sambusa mapajani.

"Kula, Mwalimu," akasema. "Leo hakuna mwenye anakuhitaji."